Weka kwa Giza, Usiweke kwa Mwezi

Hotuba kwa akina mama wa dagaa, siku ya kuvunja sanduku la kikundi na kugawana akiba, Kibirizi, Kigoma

Mheshimiwa mwenyekiti wetu wa mtaa, bibi afisa maendeleo ya jamii wa kata, viongozi wa kikundi, mama zangu, wadogo zangu, wanangu, na akina baba mliokuja kutusindikiza. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na jua.

Nimepewa dakika 20 niseme juu ya kudunduliza. Nalipenda neno hili kwa sababu ukilitamka tu unasikia vitu vidogo vikidondoka kimoja kimoja mahali pamoja. Na anayedunduliza ana kitu anachokisubiri. Mtu akitupa shilingi kwenye kopo bila kujua kopo linakwenda wapi, mimi namhesabu ameficha hela, na hela iliyofichwa siku zote kuna atakayeifichua.

Nimekuwa mtunza hazina wa kikundi hiki kwa miaka 9. Daftari langu lina ukurasa wa kila mmoja wenu, na juu ya ukurasa nimeandika kitu anachokitaka. Friza. Cherehani. Bati. Chanja za waya ili dagaa wasikae tena mchangani. Pikipiki ya kijana. Wiki iliyopita nilikaa na daftari hilo usiku mzima, nikaangalia waliofika na walioishia njiani. Nilidhani nitakuta walioshindwa ni wale wenye kipato kidogo. Sikukuta hivyo. Kuna mama anayeanika beseni 2 tu kwa siku, kanunua cherehani yake. Kuna mwingine anapeleka magunia stesheni kila wiki, na ukurasa wake uliishia mstari wa tatu.

Nilipotazama vizuri nikaona walioshindwa walikuwa wamejipangia kama waajiriwa. Waliandika: kila mwisho wa mwezi nitaweka kiasi fulani. Mama zangu, mwalimu ana mwisho wa mwezi. Nesi ana mwisho wa mwezi. Sisi hatuna. Sisi tuna giza na mbalamwezi.

Wanangu mliokulia mjini nieleweni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo ni balbu za betri na sola, lakini kazi ni ile ile: mwanga unamvuta dagaa aje juu, wavu unamkuta. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa ya mtumbwi haina nguvu tena, dagaa wametawanyika, na wavuvi wanatandaza nyavu zao nje wakizishona. Toka mwezi mchanga hadi mwezi mchanga ni siku 29 na nusu. Humo ndani siku za kazi, ndizo tunazoita giza 1, ni kama 20; zinazobaki ni mbalamwezi, na mwalo, pale mitumbwi inapofikia, umelala. Na zile siku za kulala hazijali kama leo ni tarehe 3 au tarehe 30. Mwezi huu zinaangukia katikati, miezi kadhaa mbele zinaangukia mwisho kabisa, siku ile ile uliyojiandikia kwamba utaweka akiba.

Nifanye hesabu mbele yenu. Tuseme umekwenda madukani Mwanga, hapa hapa mjini kwetu, ukauliza bei ya friza ya kulala, ukaambiwa 900,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 75,000. Kwenye karatasi inapendeza. Mwezi wa kwanza umeweka. Mwezi wa pili tarehe 30 imeingia ndani ya mbalamwezi, kilichopo nyumbani ni cha unga, hukuweka. Mwezi wa tatu unadaiwa 150,000 na nafsi yako mwenyewe. Hapo ndipo mtu anaacha kufungua daftari, na akinikuta njiani anaangalia pembeni kama mimi ndiye ninayemdai.

Sasa gawa kwa magiza. Mwaka una magiza 12 na siku chache. Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi 3 mitumbwi imepinduliwa mchangani. Mimi tangu mwaka ule nahesabu magiza 9 tu, hata kabla sijasikia tangazo lolote. 900,000 kwa magiza 9 ni 100,000 kila giza. Lakini giza la siku 20 lina siku za upepo, lina siku mtoto ana homa, lina siku mvua imekuharibia kila kitu. Kwa hiyo hesabu siku 15. Weka 7,000 kila siku kati ya hizo, utapata 105,000 kwa giza, na kwa magiza 9 utapata 945,000. Ile 45,000 ya juu usiionee tamaa. Guta la kuileta friza kutoka Mwanga linataka hela yake, stebilaiza inataka hela yake, na umeme wa LUKU wa wiki ya kwanza lazima uwepo kabla barafu hazijaanza kuuzwa. Nimeona friza ikikaa miezi 2 imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma kwa sababu mwenyewe alimaliza hela yote dukani. Bei ya kitu ni pamoja na siku yake ya kwanza ya kazi.

Mwingine atasema, mama, mimi 7,000 kwa siku siipati. Basi weka 3,000, friza itakuja baada ya miaka 2 na miezi kadhaa, na kitu hakijaharibika. Ninachokukataza ni kujiandikia 7,000 ili ukurasa wako ufanane na wa jirani.

Na hela itengwe wapi? Nasema itengwe mwaloni, kabla hujapanda kwenda nyumbani. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mambo yote yanapoharibika au yanapotengenea.

Mimi nina kopo. Wengi mnalijua, ni kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake nimeuziba kwa gundi ile kali, juu nimetoboa kwa kisu mwanya wa noti iliyokunjwa mara 4. Ubavuni nimebandika plasta nyeupe ya dukani, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito jina la kitu. Mara ya kwanza liliandikwa CHANJA. Mara ya pili FRIZA. Sasa hivi limeandikwa PAMPU, maana nataka kumwagilia bustani ya mchicha pale nyuma. Kopo hilo linakaa ndani ya beseni, chini ya kanga yangu ya kujifunikia jua. Mteja akinilipa, kabla sijamjibu yule wa pili, mkono unakwenda kwenye kopo. Harufu ya dagaa imeingia humo hata noti zikitoka zinanuka. Ni sawa. Nikishafika nyumbani, mtoto akisema daftari limeisha, jirani akisema nisaidie buku 2, nawajibu kwa hela ya mfukoni tu, na nasema kweli kwamba hiyo ndiyo niliyonayo, kwa sababu ile ya kopo ina jina la kitu kingine.

Ukiandika jina mkono unaona haya. Mjukuu wangu wa miaka 7 aliwahi kuniona nalitikisa kopo siku ya shida, akasoma kwa sauti, pa-mpu. Nikalirudisha.

Lakini kopo nalo lisikae mpaka likaota kutu. Nieleze lililotupata kwenye ukoo wetu. Shangazi yangu alikuwa na kibubu cha mbao, alikianza mwaka 2012. Alikuwa anaweka noti za mia tano tu, zile za kijanikijani zilizotoka mwaka 2010, kwa sababu sarafu ya mia tano ilikuwa bado haijaja. Alisema kibubu hiki ni cha bati za chumba cha nyuma. Baadaye aliugua, kibubu kikasahaulika chini ya kitanda. Tulikipasua Juni mwaka 2025. Zilikuwemo noti 163, jumla 81,500. Tukazipeleka dukani, mwenye duka akatutazama kwa huruma. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na hiyo ya mia tano ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Sisi tulifika tumechelewa miezi 2. Shangazi alizishika zile noti mapajani jioni nzima, anazipanga, anazipangua. Hakulia. Ila mimi nililia nilipofika kwangu.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu, na nawaomba tuushike: kopo lina maisha ya giza 1. Mbalamwezi ikiingia, mwalo umelala, wewe una nafasi, fungua, hesabu, leta kwenye sanduku. Zile siku tunazoziita za njaa tuzifanye siku za kuhesabu. Ndiyo maana mwaka juzi tulihamisha vikao vikubwa vya kuweka hisa tukaviweka ndani ya mbalamwezi. Mnakumbuka mlivyonipinga. Leo mahudhurio ni karibu wote, maana hakuna anayesema dagaa wangu wako juani.

Juu ya sanduku sitasema mengi, mnalijua. Utaratibu huu wa kununua hisa, kukopeshana na kugawana ulianzia kwa wanawake wa vijijini kule Niger mwaka 1991, ukasafiri mpaka ukatufikia sisi tukauita VICOBA. Kufuli 3, funguo 3, watu 3 wa nyumba 3 tofauti. Kikiwekwa kiasi, kinahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja anakikumbuka kichwani mpaka kikao kijacho. Na kikundi kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka vikundi kama hivi daraja la nne, na bibi afisa maendeleo yuko hapa, atawaeleza wale wa vikundi vipya karatasi zinazohitajika. Msione ni usumbufu. Siku mkitofautiana, cheti ndicho kitakachowafanya msikilizwe. Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, haina riba, iombeni, lakini muende mkiwa na daftari lenye akiba ndani.

Kilichotusumbua miaka mingi ni siku ya kuvunja. Zamani tulivunja Desemba kama watu wote. Mtu anapokea mgawo wake tarehe 20 Desemba, mji mzima unanukia sikukuu, wageni wako kwenye treni wanakuja, Januari shule zinafungua. Nilikuwa nikiandika mtu kapokea 640,000, wiki ya pili ya Januari yule yule anakuja kukopa ada ya sare. Friza iliyoandikwa juu ya ukurasa ilikuwa imeliwa. Simlaumu mtu. Hela ikiwa mkononi Desemba, Desemba ndiyo inayoamua.

Ndipo tukasogeza mpaka huku mwanzoni mwa Mei. Mvua zinaisha, sikukuu hakuna, ziwa likipumzishwa kila mmoja ana kitu chake cha kumshikia. Na tukaongeza jambo moja ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyosema: mwenye kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa, siku ya mgawo haendi nyumbani kwanza. Anakwenda dukani, na wanachama 2 wanamsindikiza. Mwaka jana nilimsindikiza mwenzetu mmoja, mama wa watoto 5, mjane. Tulifika dukani saa 4 asubuhi. Alikuwa ameshaijua friza yake, alikuwa akipita kuitazama kila giza. Muuzaji akataka kumpa nyingine iliyokaa dirishani, imepigwa na jua. Akasema hapana, ile. Tukaomba ichomekwe kwenye umeme tusikilize inavyonguruma, tukaweka kiganja ndani tukasubiri mpaka ubaridi uje. Tukachukua risiti ya mashine, tukachukua karatasi ya waranti ikagongwa muhuri, tarehe ikaandikwa. Halafu alipohesabu zile hela mezani, muuzaji akanusa, akauliza kwa upole, mama, wewe ni wa mwaloni? Akasema ndiyo, wa mwaloni. Jinsi alivyolisema lile neno, nikajua sitasahau.

Njiani alikaa kwenye guta, juu, ameishika friza kwa mikono miwili, kanga inapepea. Masika yaliyopita dagaa wake walioshindwa kukauka hakuwatupa wala hakuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Aliwagandisha. Na barafu zake ndizo wanazochukua wauza samaki wa migebuka asubuhi.

Sasa yupo anayesema, mimi sitaki hela ilale, nanunua vifaa kimoja kimoja. Ni njia nzuri, sisi Waswahili tumejenga nyumba nyingi hivyo, bati 1 leo, bati 2 mwezi ujao. Ila ujue unachokinunua. Mwaka 2008 nilitaka kusakafia nyumba. Nikanunua saruji mfuko mmoja mmoja, nikafikisha 11, nikaipanga chumba cha uani juu ya udongo, kwa furaha kabisa. Masika yakaja. Nilipomwita fundi, akapiga mfuko wa kwanza kwa mguu ukalia kama jiwe. Mifuko 7 ilikuwa imeganda. Saruji inavuta unyevu hata hewani, haitaki kusubiri zaidi ya miezi 3 hivi, na lazima iinuliwe juu ya mbao. Bati linasubiri. Nondo zinasubiri zikifunikwa. Kwa bati muulize muuzaji geji, uiandike, kwa maana namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na ukichanganya utaona paa lako linapiga kelele upande mmoja. Saruji nunua siku fundi yuko mlangoni.

Wa kuweka kwenye simu nao nawaheshimu. Ni salama kuliko chini ya godoro. Ila kutoa kidogo kidogo kuna makato, na kidole ni chepesi. Iweke huko ya safari na ya dharura.

Nikiisema dharura nakumbuka swali ambalo mnaniuliza kila mara: mama, nitaachaje kulivunja kopo wakati kuna msiba? Jibu langu ni kwamba msiba uwe na kopo lake. Ndiyo maana kila kikao tunatoa 1,000 ya mfuko wa jamii, haina riba na hairudi kwako mgawo ukifika. Mwezi wa 2 mwaka huu mtoto wa mdogo wangu alilazwa, kikundi kikanipa 50,000 kabla ya saa 6 mchana. Kopo la PAMPU halikuguswa. Mtu asiye na mfuko wa dharura atavunja cha friza kila mara, na atasema moyo wake ni dhaifu wakati moyo wake hauna kosa lolote.

Sasa niseme la kausha damu, ile mikopo ya kurudisha kila siku, na nitalisema nikiwatazama. Najua wapo mliochukua. Mtu anakuja mwaloni na begi, anakupa 500,000 leo leo, friza unaipata jioni, unarudisha 22,000 kila siku kwa siku 30. Jumla umelipa 660,000. Hiyo 160,000 ya juu ingekuwa giza zima na nusu la akiba yako. Lakini mimi sikasiriki sana kwa ajili ya hiyo 160,000. Nakasirika kwa sababu deni la kila siku halijui mbalamwezi. Siku 10 hakuna dagaa hata mmoja, na kila asubuhi yule kijana amesimama mlangoni na daftari. Kwa hizo siku 10 peke yake ni 220,000. Inatoka wapi? Inatoka kwenye sufuria, inatoka kwenye mkopo wa pili, na mwisho friza yenyewe inabebwa mbele ya watoto. Nimeona kwa macho yangu friza ikitolewa ndani ikiwa bado na barafu. Maji yalichirizika kutoka mlangoni mpaka barabarani, na mtoto mdogo akawa anayafuata. Mama zangu, giza 9 si mbali. Anayekuambia ni mbali ana begi mkononi.

Bei itapanda nikiwa nasubiri, mnasema. Itapanda, ndiyo. Mfumuko wa bei nchini kwetu miaka hii umekuwa kwenye asilimia 3 hivi, kwa hiyo friza ya 900,000 mwakani isishangaze ikiwa 927,000. Ndiyo maana kila mbalamwezi ya tatu nawatuma muulize bei upya na tusahihishe ukurasa. 27,000 ni siku 4 za kopo.

Akina baba, neno lenu ni fupi. Akiwa na kopo lenye jina, usiliulize lina kiasi gani. Uliza kitu gani kimeandikwa. Marehemu mume wangu alisoma CHANJA, akaondoka bila kusema, jioni akarudi na nguzo 4 za mti begani.

Giza jipya linaanza wiki ijayo. Mgawo utasomwa baada ya chakula, majina kwa mpangilio wa namba za hisa. Wanaokwenda dukani leo wako 6, na wasindikizaji wao nimewaandika, magari ya guta yameshaitwa. Wale wenye ukurasa mpya, kalamu ninayo na plasta nimeleta roli nzima. Piteni upande huu wa dirisha, maana mlango ule wanapitisha masufuria ya pilau.